Gregory Maloba: Mwana wa Mumias aliyeusimamisha uhuru wa Uganda

Kila siku mamia ya noti za Uganda hubadilisha mikono Bugembe, mji ulio kilomita chache mashariki mwa Jinja kwenye barabara kuu ya kwenda Iganga. Mzigo wa vitunguu unatoka Mbale kupitia Tirinyi, sukari inatoka Kakira, mitumba na vyombo vya plastiki vinatoka Busia na Malaba. Dereva analipa, utingo anarudishiwa chenji, mwenye duka anahesabu na kufunga kwa raba. Noti huhesabiwa kwa rangi na kwa tarakimu. Ni wachache wanaotazama picha zilizochapishwa juu yake.

Noti zilizotolewa na Benki Kuu ya Uganda mwaka 2010 zina alama zinazorudiwa kuanzia ndogo hadi kubwa. Upo ususi wa mikeka na wa vikapu, ipo ramani ya nchi yenye mstari wa ikweta, na kipo kichwa cha mwanamume mwenye kilemba cha Kikaramoja. Pamoja na hizo ipo sanamu ya mama aliyefungwafungwa mwilini, akimwinua mtoto juu kwa mikono miwili. Hiyo ndiyo Sanamu ya Uhuru iliyoko katikati ya Kampala.

Aliyeibuni na kuijenga sanamu hiyo hakuwa Mganda, Msoga wala Mgisu. Alikuwa Mkenya, mwana wa Mumias, jina lake Gregory Maloba. Mfanyabiashara anayevuka mpaka wa Busia asubuhi na kurudi jioni huibeba kazi yake mfukoni kila safari, hata kama jina lake hajawahi kulisikia.

Mumias kabla ya mpaka

Maloba alizaliwa mwaka 1922 katika eneo la Mumias, magharibi mwa Kenya. Mumias ni mji wa biashara tangu zamani. Ulikuwa makao ya Nabongo Mumia, mtawala wa Wanga, na tangu miaka ya 1880 misafara ya Waswahili kutoka pwani ilikuwa ikipiga kambi hapo kununua pembe za ndovu na chakula, kabla ya kuendelea magharibi kupitia Busoga hadi Buganda. Njia hiyo ya misafara haikuwa mbali sana na ile inayopitwa leo na malori yanayoingia Uganda kupitia Busia. Uislamu na lugha ya Kiswahili vilifika Mumias kwa miguu ya wafanyabiashara hao.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Hadi mwaka 1902, Mumias ilikuwa ndani ya Uganda. Mkoa wa Mashariki wa himaya ya Uganda ulienea kupita Kisumu hadi Naivasha. Mwaka huo Waingereza waliukata mkoa huo na kuuhamishia upande ambao baadaye uliitwa Kenya. Hakuna aliyehama nyumba wala shamba. Mpaka ndio uliohama. Miaka 20 baadaye, Maloba alipozaliwa, wazee wa kijijini walikuwa wamekaa katika nchi mbili bila kusogeza hata mafiga.

Kanisa nalo lilichelewa kufuata ramani hiyo mpya. Misheni za Kikatoliki za Mill Hill katika eneo hilo ziliendelea kusimamiwa kutoka Nsambya, Kampala, hadi mwaka 1925. Kwa watu wa Mumias waliosoma katika shule za misheni, Kampala ulikuwa mji wenye mamlaka uliojulikana vizuri, wala haukuwa ugenini kabisa. Mwaka 1931 reli ilipofika Kampala, ikipita Tororo na kuvuka mto Nile kwenye daraja la Jinja, njia ya kutoka magharibi mwa Kenya hadi huko ilizidi kuwa fupi.

Ufundi aliokua nao

Mtu anayetaka kumwelewa Maloba lazima aanze na vitu vilivyokuwa nyumbani. Magharibi mwa Kenya na mashariki mwa Uganda, ufundi wa mikono ulikuwa wa matumizi. Wanawake walifinyanga vyungu vya maji, vya kupikia na vya pombe. Wasusi walitengeneza vikapu, mitego ya samaki na mikeka. Wahunzi walipiga majembe na mikuki. Huko Busoga na Buganda, mafundi waliponda gome la mti wa mutuba kwa nyundo za mti zenye mistari mpaka likawa nguo laini ya rangi ya kahawia, ufundi ambao UNESCO iliutangaza mwaka 2005 kuwa hazina ya dunia. Karibu kila kitu kilikuwa na kazi yake, na uzuri ulikuja pamoja na kazi hiyo.

Sanamu za watu zilikuwa chache. Eneo hili halikuwa na desturi ya kuchonga vinyago kama ile ya Wamakonde au ya watu wa Kongo. Hata hivyo, udongo wake ulikuwa na siri. Mwaka 1929 wafungwa waliokuwa wakichimba ardhi katika gereza la Luzira, karibu na Kampala, walikuta vipande vya sanamu ya kale ya udongo, vikiwa na kichwa chenye uso wa binadamu. Kichwa cha Luzira kilipelekwa London na hadi leo kinahesabiwa miongoni mwa makusanyo ya British Museum. Kilionyesha kwamba kando ya Ziwa Victoria palikuwapo mikono iliyofinyanga watu, si vyungu tu. Ufundi huo ulikuwa umekatika, na hakuna aliyejua nani aliufanya wala kwa nini.

Kijana wa Mumias aliyependa kufinyanga watu kwa udongo, kwa hiyo, hakuwa na fundi wa kwenda kujifunza kwake. Kazi ya mchongaji wa sanamu haikuwa na soko, haikuwa na chama, na katika vijiji vingi haikuwa hata na jina.

Mwalimu wa Makerere

Huko Kampala alikuwapo mtu aliyekuwa akitafuta vijana wa aina hiyo. Margaret Trowell alikuwa Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1904 na kusomea sanaa London. Alikuja Kenya mwaka 1929 pamoja na mumewe, Dk. Hugh Trowell, na wakakaa Machakos, ambako aliziangalia kwa makini kazi za mikono za Wakamba. Mwaka 1935 mumewe alihamishiwa Uganda. Muda mfupi baadaye bibi huyo alianza kufundisha kuchora na kuchonga nyumbani kwake, kisha katika Chuo cha Makerere.

Wazungu wengi wa wakati huo waliona kwamba Mwafrika anafaa kufundishwa useremala na ufyatuaji wa matofali, basi. Trowell aliona tofauti. Mwaka 1938 alifanya maonyesho ya kazi za wanafunzi wake Namirembe, na mwaka 1939 akazipeleka London katika Imperial Institute. Katika miaka ya 1940 makusanyo ya Jumba la Makumbusho la Uganda yaliwekwa Makerere, naye akawa msimamizi wake. Baadaye, mwaka 1953, yeye na Klaus Wachsmann walichapisha kitabu kikubwa kuhusu kazi za mikono za makabila ya Uganda, kinachoeleza kwa michoro namna ya kusuka, kufinyanga, kuponda magome na kutengeneza ngoma.

Maloba alifika kwake karibu mwaka 1940, akiwa na umri wa miaka 18 hivi. Alikuta mambo mawili kwa pamoja: mwalimu aliyekuwa tayari kumchukua mchongaji kama mtu wa kazi halali, na makumbusho yaliyojaa vyungu, vikapu, ngao, viti na nguo za magome kutoka pande zote za Uganda, Busoga na mlima Elgon zikiwamo. Mwanafunzi wa sanaa wa London angepelekwa kutazama sanamu za marumaru za Ugiriki. Maloba alikuwa na vyungu vya Afrika Mashariki jirani na meza yake ya kazi.

Mwaka 1941 alichonga kwa mti kazi aliyoiita Kifo. Vita Kuu ya Pili ilikuwa inaendelea na vijana wa Kenya na Uganda walikuwa wakiandikishwa jeshini. Wanafunzi wengi wa Trowell walichora hadithi za Biblia, sokoni, shambani na harusini. Maloba alikwenda kwenye jambo ambalo watu hulikwepa hata kulitaja. Kazi hiyo imeendelea kutajwa na wanaoandika historia ya sanaa ya Afrika Mashariki kama moja ya hatua za kwanza za uchongaji wa kisasa katika eneo hili. Ilionyesha kwamba mti unaweza kubeba wazo la mtu mmoja, nje ya mahitaji ya kanisa, ya jikoni au ya mtalii.

Mwanafunzi anakuwa mwalimu

Maloba hakuondoka Makerere alipomaliza. Alibaki kufundisha, na kwa miaka zaidi ya 20 wachongaji waliopita katika chuo hicho walipita mikononi mwake. Katikati ya kazi hiyo alikwenda Uingereza kusoma zaidi, kwanza katika Bath Academy of Art huko Corsham mwishoni mwa miaka ya 1940, na baadaye London katika Royal College of Art. Huko Uingereza jina lililokuwa juu katika uchongaji lilikuwa la Jacob Epstein, na wanaozijua kazi za Maloba huona alama ya Epstein katika miili yake mizito, yenye uso mkwaruzo, inayobana nguvu ndani.

Makerere ya wakati huo ilikuwa soko la Afrika Mashariki nzima. Sam Ntiro alitoka Machame, Kilimanjaro, akasoma hapo miaka ya 1940, akafundisha, na baadaye akawa balozi wa Tanganyika mjini London. Elimo Njau naye alitoka Kilimanjaro, akasoma Makerere miaka ya 1950, kisha akaenda Nairobi na kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa mwaka 1965. Rosemary Karuga alitoka Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1950. Miaka mingi baadaye alipata sifa kwa picha alizozitengeneza kwa kubandika vipande vya karatasi za kufungia sabuni na unga, yaani vitu vilevile ambavyo mwenye duka huvitupa baada ya kuuza bidhaa.

Watu hao hawakuwa wakizungumza habari za utangamano wa kikanda. Walipanda gari moshi, wakashuka Kampala, wakaishi bweni moja, wakafundishwa na Mkenya aliyekuwa amefundishwa na Mwingereza ndani ya Uganda. Utangamano wao ulikuwa katika kazi.

Mama, mtoto na zege

Uganda ilipangiwa kupata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Nchi ilikuwa ikitafuta alama ya siku hiyo, na kazi hiyo akapewa Maloba. Haikuwa kazi nyepesi. Uganda ya mwaka 1962 ilikuwa imeundwa na falme zenye wivu wa heshima, Buganda, Bunyoro, Toro na Ankole, pamoja na Busoga na Kyabazinga wake, ambayo makao yake ya utawala yalikuwa hapa Bugembe. Zilikuwapo pia wilaya zisizo na wafalme, kama Bugisu, Teso, Lango na Acholi. Kila upande ulitaka kujiona ndani ya taifa jipya. Ngoma ya kifalme ingewafurahisha Waganda na kuwaudhi wengine. Ngao na mkuki vingezusha swali la ngao ya nani. Kiti cha enzi, taji na vazi vilikuwa na wenyewe.

Maloba aliacha vyote hivyo. Alisimamisha mama na mtoto. Mama huyo, mwenye kimo cha takriban mita 6 pamoja na mtoto, amezungushiwa mikanda mwilini kana kwamba bado anafunguliwa kutoka kifungoni. Mtoto yuko juu, huru, mikono yake imenyanyuliwa kuelekea angani. Hakuna vazi la kabila wala alama ya ufalme. Mkulima wa Sironko na mvuvi wa Jinja wanaweza kuitazama bila kuuliza imependelea upande gani.

Ubunifu wake uko hapo. Alichukua tendo ambalo kila mtu amelishuhudia nyumbani, mama kumwinua mtoto, akalipa maana ya taifa. Alichukua pia hali halisi ya mwaka ule: anayetoa uhuru bado ana kamba mwilini, anayeupokea hazijui kamba hizo. Wazazi walioishi chini ya ukoloni walikuwa wakiwakabidhi watoto nchi ambayo wenyewe hawakukulia ndani yake. Jambo hilo lilieleweka hata kwa asiyejua kusoma.

Kitu alichokitumia nacho kinastahili kuangaliwa. Sanamu hiyo ni ya zege, mchanganyiko uleule wa saruji, mchanga na kokoto unaojenga maghala, madaraja na vyoo vya soko. Shaba ingelazimu viwanda maalumu vya kuyeyushia. Marumaru ingeagizwa kutoka ng'ambo. Zege linajulikana kwa kila fundi mwashi kuanzia Malaba hadi Kampala, nalo lina tabia zake. Likishaganda halisamehewi makosa kirahisi kama udongo, likifanywa jembamba hupasuka, na uzito wake hudai kiunzi imara cha chuma ndani. Ndiyo maana sanamu ya zege hupenda maumbo manene yaliyoshikamana, na mikanda ile inayomzunguka mama inafaa kwa wazo na kwa ujenzi kwa wakati mmoja. Inamwonyesha kuwa mfungwa, na wakati huohuo inaufanya mwili wake kuwa nguzo moja nene inayoweza kumbeba mtoto juu.

Sanamu ilisimamishwa kati ya barabara za Speke na Nile Avenue, karibu na bustani za hoteli ambayo sasa ni Sheraton. Kufika siku ya uhuru ilikuwa tayari mahali pake. Tangu hapo Uganda imepita katika serikali nyingi na mapinduzi kadhaa. Majina ya barabara yalibadilika na picha za viongozi zilishushwa ukutani na nyingine kupandishwa. Mama wa Maloba amebaki pale pale. Kila utawala ulimwona kuwa wake, kwa sababu hakuwa na sare ya yeyote.

Kutoka sanamu kwenda ubunifu

Mwaka 1966 Maloba alihama Makerere na kwenda Nairobi. Wakati ule hatua hiyo haikuhesabika kuwa kutoka chuo kikuu kimoja kwenda kingine. Tangu 1963 vyuo vya Kampala, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Mwalimu aliweza kubadilisha mji akabaki na mwajiri yuleyule.

Nairobi alipewa kuongoza idara ya ubunifu. Hapo kazi yake ilichukua sura nyingine. Sanamu moja mjini huonwa na wapita njia. Ubunifu wa vitambaa, wa samani, wa michoro ya uchapishaji na wa vifungashio huingia katika kila nyumba na kila duka. Nchi zilizokuwa huru kwa miaka michache tu zilikuwa zikiuza pamba ghafi na kununua vitambaa vilivyochorwa na watu wengine, zikiuza ngozi na kununua viatu. Palihitajika watu wenye uwezo wa kuamua umbo na rangi ya bidhaa kabla haijaingia kiwandani au mikononi mwa fundi. Mchongaji aliyeanza na udongo wa Mumias akawa miongoni mwa waliolea kizazi cha kwanza cha wabunifu wa Kenya waliosomea kazi hiyo chuo kikuu.

Muungano uliomwezesha kuvuka haukudumu. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kiligawanyika kuwa vyuo vitatu vya nchi tatu. Januari 1971 Idi Amin alitwaa madaraka Uganda, na wasanii na wasomi wengi wa nchi hiyo wakavuka kwenda Kenya. Miongoni mwao alikuwa mchoraji Theresa Musoke, aliyesoma Makerere na kuishi Kenya miaka mingi. Njia ambayo Maloba aliipita kwenda Kampala akiwa kijana mwenye matumaini, wanafunzi wa chuo chake waliipita kinyume wakitafuta usalama.

Februari 1976 Amin alifufua ramani ya zamani. Alitangaza kwamba maeneo makubwa ya magharibi mwa Kenya yalikuwa ya Uganda kihistoria na yalihamishwa na wakoloni. Habari za mpaka wa 1902 zilikuwa za kweli. Kilichokuwa kibaya ni matumizi yake. Wakenya walikasirika, wafanyakazi wa bandari ya Mombasa walikataa mizigo ya Uganda, na wafanyabiashara wa pande zote mbili ndio walioumia kwanza, kama ilivyo kawaida. Mwaka uliofuata, 1977, Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika.

Historia ya mpaka huo, basi, imetumiwa kwa njia mbili. Amin aliisoma na kudai ardhi. Maloba, aliyezaliwa katika ardhi hiyohiyo iliyohamishwa, alikwenda Uganda na kuipa zawadi ya kazi. Madai ya Amin yaliisha kwa aibu. Kazi ya Maloba iko kwenye noti.

Nchi ya asili

Mfanyabiashara anayevusha bidhaa chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya sasa anaijua karatasi ya cheti cha uasili. Kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya na iliyomo katika orodha iliyokubaliwa huvuka bila ushuru wa forodha, mradi itajwe inatoka nchi gani. Sanamu ya Uhuru ingemsumbua karani anayejaza karatasi hiyo. Mkono ulikuwa wa Kenya. Chuo kilikuwa cha Uganda. Mafunzo yalitoka kwa mwalimu wa London aliyejifunza kwa mafundi wa Machakos na Kampala. Mahali iliposimama ni Uganda, na mwenye mali ni Uganda.

Vivyo hivyo kwa vitu vingi vinavyopita Bugembe leo. Kikapu cha ukindu na mkoba wa nguo ya gome huanza kwa fundi mmoja, huongezwa ngozi au zipu kutoka nchi ya pili, na huuzwa kwa mteja wa nchi ya tatu. Bei kubwa mara nyingi hukaa mwishoni, kwa yule anayeweza kusema kitu hicho kilibuniwa na nani na kwa nini kina umbo hilo. Kikapu kisicho na jina la msusi huuzwa kwa ukubwa wake. Kikapu chenye jina, mahali na maelezo ya kazi huuzwa kwa ubunifu wake. Fundi anapopoteza jina lake njiani, hupoteza pia sehemu ya bei, na mfanyabiashara aliyelipoteza hupoteza pamoja naye.

Jambo hilo linamgusa Maloba mwenyewe. Watu wanaoitambua sanamu yake kwa mtazamo mmoja ni wengi sana kuliko wanaolijua jina lake. Huko Kampala hudhaniwa kuwa Mganda. Huko Mumias wapo watoto wanaosoma habari za uhuru wa Uganda bila kuambiwa kwamba alama yake ilitoka mikononi mwa mtu wa kwao. Uganda ina haki ya kujivunia sanamu hiyo na Kenya ina haki ya kumjivunia mtu huyo, wala haki moja haiipunguzi nyingine.

Gregory Maloba alifariki mwaka 2007. Alikuwa ameishi muda wa kutosha kuona Jumuiya ya kwanza ikivunjika na ya pili ikizaliwa, mkataba wake ukitiwa saini mwaka 1999 na kuanza kutumika mwaka 2000. Noti za 2010 zenye sanamu yake zilitoka miaka mitatu baada ya kifo chake. Juu ya noti hizo mama na mtoto wamewekwa pamoja na ususi wa mkeka na wa kikapu, kazi za mafundi ambao majina yao hayakuandikwa popote. Jina la Maloba limeandikwa vitabuni. Lililobaki ni lijulikane pia sokoni, Busia, Malaba na Bugembe, kwa watu wanaoishika kazi yake kila siku.